Karatasi Ipo Mgololo, Mwandishi wa Maelekezo Yuko Wapi?

Katika safu hii tumezoea kuzungumzia bei ya mahindi, ubovu wa barabara za vijijini na moto unaoteketeza misitu yetu kila kiangazi. Leo tunamwomba msomaji atuvumilie tukizungumza juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo, nalo ni yale maandishi yanayomwambia fundi namna ya kuendesha mashine, kuisafisha, kuitengeneza na kujihadhari nayo. Tunakusudia kuuliza swali moja tu: mtu anayeandika maandishi hayo hufundishwa wapi kazi yake, na kwa lugha gani?

Tumechagua kuanzia Mgololo kwa makusudi. Mahali hapo, katika Wilaya ya Mufindi, reli ya TAZARA yenye urefu wa kilometa 1,860 hupita ikielekea Makambako, Mbeya na hatimaye Zambia. Hapo ndipo kilipojengwa kiwanda kikubwa cha karatasi, kwa kuwa misonobari ya Sao Hill iko karibu na reli nayo ipo. Kiwanda hicho kilianza uzalishaji mwaka 1985 kikiitwa Southern Paper Mills. Baadaye mitambo yake ilisimama kwa miaka kadhaa, kikauzwa mwaka 2004, na leo kinajulikana kama Mufindi Paper Mills. Wengi wetu huona magogo yakiingia na marobota ya karatasi yakitoka, lakini ni wachache wanaofahamu yanayotendeka katikati.

Gogo la msonobari humenywa magome, likakatwakatwa vipande vidogo, kisha vipande hivyo vikapikwa ndani ya maji makali yenye kostiki soda na salfaidi ya sodiamu, katika joto linalofikia nyuzi 170 hivi za Sentigredi. Gundi ya asili inayoshika nyuzi za mti huyeyuka, na nyuzi zenyewe hubaki. Nyuzi ndizo zitakazokuwa karatasi. Maji yaliyobaki, ambayo sasa ni meusi, hayamwagwi ovyo. Hukaushwa hadi yakawa mazito, yakachomwa katika boila ya namna yake, moto wake ukatoa mvuke wa kuendeshea mitambo. Chini ya boila hiyo hubaki chumvi iliyoyeyuka, nyekundu kama chuma katika kiwanda cha mhunzi, nayo hurudishwa katika kazi ili kutengeneza maji makali mapya.

Katika mzunguko huo zimo hatari mbili ambazo kila anayefanya kazi ya namna hiyo hana budi kuzijua. Ya kwanza ni kwamba maji ya kawaida yakiifikia ile chumvi iliyoyeyuka ndani ya boila, hugeuka mvuke kwa ghafla kiasi cha kulipua boila nzima. Mtu asiyefundishwa, akiona moto, mkono wake hukimbilia maji. Na hapo hasa ndipo maji yanapoua. Ya pili ni gesi ya haidrojeni salfaidi. Gesi hiyo ikiwa kidogo hunuka kama yai viza, na kila mtu huitambua. Ikizidi, huua uwezo wa pua kunusa, hata mtu akadhani kwamba hewa imesafika, kumbe ndiyo kwanza hatari imekuwa kubwa. Hatuyataji haya ili kuwatisha wananchi wala kumnyooshea mtu kidole. Hatari hizo zimo katika kila kiwanda cha namna hiyo duniani, uwe Finland au Brazili.

Sasa fikiria, ndugu msomaji, sentensi itakayomwokoa kijana wa zamu ya usiku. Sentensi hiyo ni fupi: “Ukiacha kusikia harufu, usidhani gesi imekwisha; ondoka mara moja.” Haina msamiati mgumu hata kidogo. Walakini kuifikia sentensi hiyo kunahitaji mtu anayeijua kemia kwa kadiri ya kutosha, anayemjua fundi kwa undani, na aliyefundishwa kuchagua neno moja kati ya kumi. Huyo ndiye tunayemwita hapa mwandishi wa maelekezo. Katika nchi zenye viwanda vingi, kazi yake ni taaluma kamili yenye mishahara, mikutano na shule zake.

Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, yamtwika mwajiri wajibu wa kuwapa wafanyakazi taarifa na mafunzo juu ya hatari zilizomo kazini. Tunaiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote. Lakini taarifa ambayo msomaji hakuielewa haiwi taarifa. Ni karatasi iliyobandikwa ukutani. Ndiyo sababu tunasema kwamba suala la maandishi ya ufundi ni suala la uhai wa watu, wala si suala la wapenda lugha peke yao.

Kwa upande wa mafunzo, dunia ya leo imefungua milango ambayo baba zetu hawakuiona. Kijana wa Mafinga mwenye simu ya mkononi aweza, bila kulipa ada, kusoma mafunzo ya uandishi wa kiufundi ambayo kampuni ya Google iliyafungua kwa umma mwaka 2020. Hufundishwa humo kutenganisha hatua, kuandika orodha, kuepuka sentensi ndefu na kumfikiria msomaji kabla ya kuanza. Tangu mwaka 2013 waandishi wa namna hiyo wana umoja wao uitwao Write the Docs, ulioanzia Portland nchini Marekani, ambao hufanya mikutano na kuiweka mihadhara yake mahali ambapo kila mtu aweza kuitazama. Zamani kidogo, mwaka 1986, watengenezaji wa ndege wa Ulaya walitoa kanuni za Kiingereza chepesi kwa ajili ya vitabu vya matengenezo ya ndege. Walichagua maneno machache, kila neno wakalipa maana moja, na wakaamua kwamba sentensi ya maelekezo isipite maneno 20.

Haya yote ni mema, na tungependa vijana wetu wayasome. Hata hivyo yana upungufu mmoja ambao waliyoyatunga hawakuweza kuuepuka: yanafundisha kuandika Kiingereza. Msomaji aweza kudhani kwamba kanuni za uandishi bora ni zile zile katika kila lugha. Zipo zinazofanana, tunakubali. Lakini Kiswahili kina mitego yake na kina nguvu zake, na hakuna somo la Kiingereza litakalotuonyesha hayo. Tutatoa mifano michache.

Chukua kitenzi “kufunga”. Fundi akiambiwa afunge vali, huzuia maji yasipite. Akiambiwa afunge pampu, aweza kuelewa kwamba aizuie, au aiweke mahali pake na kuikaza kwa boliti. Na vitabu vya umeme vya Kiingereza vikisema swichi ifungwe, maana yake ni kwamba umeme upite. Mfasiri asiye fundi akiandika “funga swichi”, msomaji wa Kiswahili ataelewa kwamba azime umeme, naye atanyoosha mkono kushika waya akiamini yu salama. Neno moja, maana tatu, na mojawapo yaweza kumfanya mtu awe maiti. Somo la Kiswahili lingemfundisha mwandishi aandike “zima umeme”, “washa umeme”, “zuia maji” na “kaza pampu mahali pake”, na neno “funga” alitumie kwa maana moja tu katika kitabu kizima.

Mfano wa pili ni saa. Mwandishi akiandika “paka grisi kila saa 2”, je, ni kila baada ya muda wa saa mbili, au kila siku ifikapo saa mbili? Na kama ni saa mbili, je, ni ile tunayoihesabu tangu kuchomoza jua, au ile ya kwenye daftari la zamu iliyoandikwa kwa tarakimu za kizungu, ambayo kwetu ni saa nane za usiku? Watu wawili waliopokezana zamu waweza kupishana kwa saa sita, kila mmoja akiamini kwamba ametimiza wajibu wake.

Mfano wa tatu ni ukanushi. Katika lugha yetu, tofauti kati ya “mfanyakazi afungue” na “mfanyakazi asifungue” ni silabi moja tu katikati ya neno. Karatasi ikichakaa, mwanga ukiwa hafifu, au macho yakiwa na usingizi, silabi hiyo hupotea, na katazo likageuka amri. Mwandishi aliyefundishwa vema hataiachia silabi moja dhamana ya uhai wa mtu. Ataanza kwa neno “MARUFUKU” kwa herufi kubwa, na onyo lenyewe ataliweka kabla ya hatua inayohusika, wala si baada yake.

Lakini tusiione lugha yetu kuwa na mitego peke yake. Yako mambo ambayo Kiswahili huyasema kwa usahihi kuliko Kiingereza. Tukisema “ondoa kifuniko cha pampu, kisha ukisafishe”, hakuna shaka kwamba kinachosafishwa ni kifuniko. Tukisema “kisha uisafishe”, basi ni pampu. Kiingereza kina neno moja kwa yote mawili, na wanafunzi wake hupoteza muda mwingi wakifundishwa kuepuka utata huo. Kwetu sisi, ngeli zimekwisha kuifanya kazi hiyo. Hali kadhalika neno moja la Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja, kwa hiyo ile kanuni ya maneno 20 haiwezi kuchukuliwa kama ilivyo. Sentensi ya maneno 20 ya Kiswahili ni ndefu mno kwa mtu aliyeshika spana.

Kuna watakaotuambia kwamba Kiswahili hakina maneno ya mitambo. Hoja hii ni ya zamani, na twadhani imekwisha kujibiwa na mafundi wenyewe. Ingia katika karakana yoyote ya Iringa, Mafinga au Mbeya, utasikia geji, vali, beringi, boliti, pistoni, plagi na mkanda, na kila mtu anaelewana na mwenzake. Wapasuaji mbao wa Mufindi wameipa jina hata ile mashine yao ndogo ya kuhamahama, wakaiita ding-dong, bila kungoja kikao cha mtu yeyote. Wataalamu nao hawakulala. Baraza la Kiswahili la Taifa lipo tangu mwaka 1967. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu za ofisi kwa Kiswahili zilizoitwa Jambo OpenOffice. Maneno tunayo. Tulichokosa ni mafunzo ya kuyapanga maneno hayo yawe maelekezo.

Wengine watasema kwamba siku hizi picha za video zatosha, na kwamba fundi hana haja ya kusoma. Sisi hatuzipuuzi video, maana mtu huelewa haraka akiona kwa macho. Wale vijana wa Tanzania na Zambia waliojenga TAZARA pamoja na Wachina, kati ya mwaka 1970 na 1975, walijifunza mengi kwa kutazama mikono ya wenzao, kwa kuwa lugha iliwatenga. Lakini video haibandikwi juu ya mashine. Haitafutwi kwa haraka wakati king’ora kinalia, wala haimwambii mtu kipimo cha leo kikilinganishwa na cha jana. Tena video nzuri yenyewe huanza na maandishi, kwa maana lazima mtu aandike kwanza kitakachosemwa na kwa mpango gani.

Wako pia wanaotumaini kwamba kompyuta itatafsiri kila kitu. Kompyuta hutafsiri, na kila mwaka yaongeza ujuzi. Hata hivyo ule mfano wa “funga swichi” unatosha kutuonyesha kwamba tafsiri yaweza kuwa sahihi kwa kamusi na ikaua kwa vitendo. Atakayeisahihisha ni mwandishi anayejua mashine na anayejua Kiswahili. Na tukiwa hatukumfundisha, hatutakuwa naye.

Tunapolidai jambo hili hatuanzi na ukurasa mtupu. Taifa hili limewahi kufundisha watu wengi kwa mbali na kwa lugha yao. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kwa majuma 12 wakisikiliza redio na kusoma vijitabu juu ya maji safi, vyoo na malaria. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Mwaka 1980 ikaja Misitu ni Mali, kampeni ambayo sisi wa Nyanda za Juu Kusini twapaswa kuikumbuka kuliko wengine. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilianza pia kutoa masomo kwa njia ya posta, mwanafunzi akipokea somo, akajibu maswali na kuyarudisha yasahihishwe. Vijitabu hivyo vya zamani vilikuwa na sentensi fupi, picha zenye kazi na maswali ya kujadili kila mwisho wa somo. Walioviandika walikuwa waandishi wa maelekezo kwa vitendo, ingawa hakuna aliyewaita hivyo.

Kumbe basi somo la mtandaoni ni mjukuu wa somo la posta. Hata katika siku za karibuni hatukukosa mfano: mwaka 2016 VETA, kwa kushirikiana na kampuni ya Airtel, ilizindua VSOMO, ambapo kijana alijifunza nadharia ya ufundi kwa simu, kisha akaenda chuoni kwa mazoezi ya mikono. Njia hiyo ilionyesha kwamba simu yaweza kuwa darasa. Tunachoomba ni kwamba darasa hilo liwafikie pia wale wanaoandika.

Mapendekezo yetu ni manne. Kwanza, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, ambacho kilianza kama chuo cha ufundi mwaka 1986 na kikawa chuo kikuu mwaka 2012, kishirikiane na wataalamu wa Kiswahili kutunga somo la wazi la uandishi wa maelekezo ya ufundi kwa Kiswahili. Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 kwa kazi hii hii ya kufundisha watu walio mbali, kisaidie kulisambaza.

Pili, mifano ya somo hilo itokane na kazi zetu wenyewe: boila ya karatasi, kikaushio cha majani ya chai, msumeno wa mbao, pawatila ya mpunga wa Usangu, pampu ya mgongoni ya mkulima wa nyanya. Mwanafunzi akiandika maelekezo ya kunyunyizia dawa, asipewe alama kabla mkulima mmoja hajayasoma na kuyatenda mbele yake, kwa maji matupu, pasipo kusaidiwa. Pale mkulima atakaposita, hapo ndipo penye kosa la mwandishi.

Tatu, somo liwe jepesi kwa mfuko wa mwananchi. Video ndefu humaliza bando la juma zima kwa jioni moja. Somo liwe maandishi kwanza na michoro midogo, liweze kupakuliwa mara moja mahali penye mtandao na kusomwa siku nyingi mahali pasipo na mtandao, tena liweze kuchapishwa. Mgololo hapakosi karatasi.

Nne, viwanda vyetu viwaalike mafundi wao wakongwe wakae na waandishi kabla hawajastaafu. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na hakuna mali iliyo rahisi kupotea kama ujuzi ulio kichwani mwa mtu mmoja. Mzee aliyeisikiliza mashine kwa miaka 30 hujua kwa mlio tu kwamba beringi imeanza kuchoka. Akiondoka, vijana hubaki na kitabu cha lugha ya kigeni na mashine isiyosema nao.

Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, na mwaka huo huo UNESCO ikaitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Twaisherehekea siku hiyo kwa ngoma na mashairi, na ni vema. Lakini lugha iliyokubaliwa mahakamani na katika mikutano ya mataifa haina sababu ya kuishia kwenye lango la kiwanda. Tunawaomba wakuu wa vyuo, waajiri na vyama vya wafanyakazi wa mikoa yetu walichukue jambo hili kama kazi, wakutane, wagawane majukumu na waanze hata na masomo matano tu. Kijana anayeingia zamu ya usiku karibu na boila ana haki ya kuambiwa kwa Kiswahili kilicho wazi ni nini cha kufanya, ni nini cha kutofanya, na ni lini akimbie.